Kikao cha Saba: Kujiona na Kufaulu, Kitengela na Kajiado



 Nitaanza na aibu yangu, kwa sababu mhadhara kuhusu kujiona ukifunguliwa kwa sifa za mhadhiri, hakuna haja ya kuuendeleza.

Nilipokuwa natafuta ploti hapa Kitengela nilionyeshwa mbili kwa siku moja, zote za futi hamsini kwa mia. Ya kwanza ilikuwa ya mzee wa Kimaasai aliyekuwa akikata kipande cha shamba lake. Aliegemea fimbo akaniambia, "Mwalimu, huu ni udongo mweusi. Mvua ikinyesha gari lako litalala hapa." Kisha akanyamaza. Ya pili nilipelekwa na broka. Miwani ya jua, simu mbili, na hadithi ndefu ya jinsi alivyoifungua Kitengela yeye mwenyewe wakati wenziwe wakiogopa fisi. Lami ilikuwa njiani. Wakubwa wote alikuwa akiwajua. Nami, niliyeisomea saikolojia hadi nikaitwa daktari, nikanunua kwa broka. Udongo ni uleule mweusi, ila wa mzee ulikuja na onyo.

Ndiyo maana nauliza: tabia ya broka yule humfikisha mtu mbali?

Wanasaikolojia huiita unarsisi, kutokana na kijana wa ngano za Kiyunani aliyeipenda sura yake majini mpaka akafia hapo ukingoni. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliingiza katika mwongozo wao ugonjwa wa nafsi wenye jina hilo. Huo siuzungumzii leo. Hautambuliwi kwa kumtazama mtu akihutubia mkutano sokoni, ingawa najua wengi wenu tayari mna jina la mgombea fulani kichwani. Nazungumzia tabia ambayo kila mtu anayo kwa kipimo chake, ambayo Raskin na Hall waliitungia hojaji mwaka 1979: kujihesabu bora kuliko wengine, kutaka kutazamwa, kuamini kwamba unastahili zaidi ya jirani. Kiswahili kina neno lake, kujiona, nalo lanitosha.

Mwaka 1998 Delroy Paulhus, wa Chuo Kikuu cha British Columbia huko Canada, alichapisha utafiti mdogo ambao sijaweza kuusahau. Wanafunzi wasiojuana waliwekwa katika vikundi, wakakutana mara saba, wakawa wanapimana. Baada ya kikao cha kwanza, waliojikweza ndio waliong'aa: wachangamfu, wenye uwezo, watu wa kufuatwa. Kufikia kikao cha saba upepo ulikuwa umegeuka. Watu walewale sasa walionekana wenye majigambo na wagumu kuishi nao.

Paulhus hakuwa akiifikiria Kitengela, lakini sijapata maelezo mazuri zaidi ya mji huu. Ranchi ya jumuiya ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988. Mahali nyumbu walipokuwa wakishuka kutoka mbuga ya Nairobi kufuata majani, pakachomekwa vigingi. Viwanda vya EPZ vya Athi River vikavuta vijana kutoka kila pembe ya nchi, na kodi za Nairobi zikasukuma wengine waje. Sensa ya 2009 ilihesabu watu wapatao 58,000 mjini. Ya 2019 ikahesabu zaidi ya 154,000. Fikirieni maana yake: katika miaka 10, karibu watu wawili kati ya kila watatu mnaopishana nao barabarani ni wapya. Mwenye nyumba hamjui mpangaji, mpangaji hamjui fundi, na muumini hamjui mchungaji ambaye mwaka jana alihubiri chini ya turubai na sasa ana ukumbi. Huu ni mji wa kikao cha kwanza. Mtu akikuchoka, anahamia upande wa pili wa barabara ya Namanga na kuanza na wengine.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Walisema kweli, lakini walisema wakiwa kijijini, ambako mnunuzi alimjua ng'ombe, mama wa ng'ombe, na deni la mwenye ng'ombe. Kati ya watu 154,000 wasiojuana, kizuri kisichojitembeza kinaozea kibandani.

Naliona hili kwa wanafunzi wangu waliokulia ndani ya Kajiado. Msichana aliyeongoza chama cha wanafunzi mwaka mzima huenda kwenye mahojiano ya kazi akasema, "Tulisaidiana na wenzangu." Kwao hiyo ndiyo adabu. Meza ya mahojiano huandika: hana uzoefu wa uongozi. Anayefuata alishika mhuri tu, lakini anasema "niliongoza", na kazi anaipata. Kwa hiyo anayewaambia vijana kwamba majivuno hayana faida anawapotosha. Yanayo faida, tena ya haraka. Mwaka 2015 Emily Grijalva na wenzake walizikusanya tafiti nyingi za uongozi wakakuta jambo hilihili: wenye kujiona huchaguliwa kuwa viongozi mara nyingi kuliko wengine. Ila wakishachaguliwa, kujiona hakuonekani kuwafanya viongozi bora.

Kuna utafiti mwingine ambao wapita njia wa Kitengela wataufurahia. Chatterjee na Hambrick, mwaka 2007, waliwachunguza wakurugenzi wakuu 111 wa kampuni za kompyuta Marekani, na miongoni mwa vipimo vyao vya kujiona kulikuwa na ukubwa wa picha ya mkurugenzi katika ripoti ya mwaka. (Kampeni zikianza, tembeeni na futi ya kupimia mabango.) Kampuni za wenye kujiona sana zilifanya mambo makubwa ya kuonekana, zikapanda juu sana na kuanguka chini sana. Kwa wastani hazikuwashinda wengine, wala hazikushindwa.

Sasa twende kusini kidogo, Matapato. Paul Spencer aliandika kitabu kizima juu ya Wamaasai wa huko, kikatoka 1988, na wazee wa Kimaasai waliomo humu ukumbini wanajua kuliko yeye. Morani wanapofikia eunoto, ibada ya kuwavusha kuelekea utu uzima, rika humpata olotuno, kijana wa kulibebea rika zima shughuli ya ibada. Ungedhani vijana wangesukumana. La, hukikwepa cheo hicho, kwa kuwa inaaminika mwenye kukishika hubeba mikosi ya wenzake. Mwaka 2018 UNESCO iliiweka eunoto, pamoja na ibada nyingine za marika, enkipaata na olng'esherr, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma na rangi nyekundu zitalindwa na wapiga picha. Mimi ningependa ilindwe ile akili ya kukifanya cheo kiwe mzigo, mwenye uchu wa kutazamwa asikitamani. Rika ni kikao cha saba, cha sabini, cha mia saba. Hakuna pa kuhamia.

Ningeishia hapo mngepiga makofi, na ningekuwa nimewadanganya. Kwa maana rika hilohilo lilikuwepo wakati ardhi ilipogawanywa.

Ranchi za jumuiya zilianzishwa kwa sheria ya 1968, kila moja na kamati yake. Zilipoanza kugawanywa, Esther Mwangi alizifuatilia kadhaa hapa Kajiado. Alikuta kwamba wanakamati na watu wao wa karibu walijipatia vipande vikubwa, na wengine wakaambulia vidogo. Sitawaita wanakamati hao wenye kujiona. Tamaa na kujiona si kitu kimoja. Lakini tazameni mlango ulioachwa wazi. Watu waliotahiriwa pamoja, waliokula nyama porini pamoja, walitosha kumkemea mwenzao kwa miaka. Hakukuwa na haja ya kuwahadaa kwa miaka. Ilitosha siku moja, siku ya kuchora ramani. Hati miliki ikishatoka, kikao cha saba hakina kazi.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la leo halihusu mtu pekee, linahusu saa. Kujiona humfaidi mtu pale ambapo uamuzi mmoja, wa siku moja, haurudiwi: kura ya miaka 5, hati ya ardhi, saini ya mkopo, ndoa iliyoharakishwa. Kunamuumiza pale ambapo lazima aonekane tena kesho. Na nchi yetu inazidi kuwa nchi ya siku moja.

Broka wangu? Ana jumba la ghorofa nne, na lami yake ilifika mlangoni pake. Mimi kila Aprili nasukuma gari. Mzee yule, ambaye siku hizi tu majirani, huja na fimbo yake kunisaidia, na kila mwaka, tukiwa tope magotini, huniuliza, "Mwalimu, ulisema ulinunua kwa ngapi?"