Taa za Tela la Mpunga

Juzi, saa moja na nusu usiku, kati ya Igurusi na Chimala, tulilikuta tela la trekta limejaa mpunga. Nyuma halikuwa na taa hata moja. Juu ya magunia alikaa kijana wa miaka kama 15, ameshika simu, anamulika tochi ili tunaokuja tumwone. Basi taa ya nyuma ya tela lile ilikuwa mtoto wa watu, kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, ambako malori hayakatiki usiku kucha.

Dereva wetu alimwona, namshukuru Mungu. Lakini tupige hesabu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, nyuma ya trekta linalokwenda 20, hulisogelea kwa karibu mita 17 kila sekunde. Ukiliona tela likiwa limebaki mita 50, una sekunde tatu tu. Ndani ya sekunde hizo ushtuke, ukanyage breki, na lori lenye shehena likutii. Halitakutii.

Ukimuuliza mwenye tela, atasema taa ni ghali, kanunua mara mbili na hazikuwaka. Jibu hilo nalijua, maana mjomba wangu alikuwa nalo miaka mingi. Msimu mmoja alinunua taa jozi mbili, akafunga za kwanza, giza. Akazitupa, akafunga za pili, giza vilevile. Akakata tamaa, akafunga kitambaa chekundu.

Siku moja akapita mzee mmoja fundi umeme wa magari. Hakuuliza habari ya taa mpya. Alitoa mfukoni balbu ndogo yenye nyaya mbili. Waya mmoja akaugusisha kwenye waya wa moto unaoingia kwenye taa, wa pili kwenye bati la taa yenyewe: kimya. Akauhamishia huo wa pili kwenye chuma cha chasisi, mahali palipochubuka rangi: balbu ikawaka. Basi akafungua bolti ya taa, akachukua kisu, akakwangua rangi chini yake, eneo la sarafu ya shilingi 500, mpaka chuma kikang'aa. Akapaka grisi kidogo, akakaza bolti. Taa ikawaka. Mjomba alikuwa amelipaka tela rangi mpya kabla ya msimu, na ile rangi ndiyo iliyozuia ethi, yaani umeme kurudi kupitia chuma cha chasisi. Taa alizotupa zilikuwa nzima.

Ndiyo maana nasema, usikimbilie dukani. Anza na ethi. Dalili yake haifichiki: ukikanyaga breki taa za nyuma zinafifia badala ya kung'aa, au ukiwasha indiketa ya kushoto na nyingine zinachezacheza nayo. Kisha fungua plagi inayounganisha tela na trekta. Kwenye plagi ya pini saba, ethi ni pini namba tatu, waya mweupe, ikiwa fundi aliyetangulia hakubadilisha rangi za nyaya. Ukikuta kutu ya kijani, isugue kwa msasa. Na usitegemee ile pini ya kuvutia tela ikupitishie ethi, maana imejaa grisi na udongo. Vuta waya wa ethi mpaka kwenye taa.

Kama balbu ndiyo imeungua, nunua balbu, usinunue taa nzima. Ya nyuma na breki huwa na nyuzi mbili, imeandikwa 21/5. Ya indiketa ina uzi mmoja wa wati 21. Soma pia volti. Matrekta yetu mengi na pikapu hutumia volti 12, malori makubwa 24. Taa ya lori ukiifunga kwenye trekta itawaka kwa unyonge, nawe utadhani umeuziwa mbovu.

Pale kioo kilipopasuka na maji yameingia, hapo ninakubali ununue mpya, na ningechagua LED. Tela la trekta kwa kawaida halina springi. Kila shimo la njia ya shambani linaupiga ule uzi mwembamba wa balbu mpaka unakatika, na LED haina uzi wa kukatika. Indiketa zikianza kupepesa haraka mno baada ya kuifunga, ni kwa sababu LED inakula umeme kidogo, na flasha ya zamani inadhani balbu imeungua. Ibadilishe flasha tu.

Ongeza riflekta nyekundu mbili nyuma. Hazihitaji waya wala betri, na siku umeme ukigoma zitarudisha mwanga wa anayekuja.

Nanyi wafanyabiashara mnaokodi matrekta kupeleka mpunga mashineni, kabla ya kupatana bei, zungukeni nyuma ya tela mtazame.

Mwenye tela unayenisikiliza, kesho kabla ya gunia la kwanza kupanda, mwambie dereva akanyage breki, wewe simama nyuma uangalie. Na kijana mwenye tochi, mteremshe kwenye magunia.