Amandina Lihamba: Mwigizaji wa Viwanja vya Vijiji na wa Filamu



Katika sanaa za maonyesho za Tanzania ni machache majina yaliyodumu kwa heshima kama la Profesa Amandina Lihamba, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufundisha kwa miongo kadhaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwa mwigizaji, mwongozaji na mwandishi wa tamthilia, ikiwamo Hawala ya Fedha, iliyotokana na kisa cha Ousmane Sembène wa Senegal.

Hata hivyo, chimbuko la ukubwa wake halimo ukumbini pekee. Katika miaka ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa chuo hicho, yeye na Penina Mlama wakiwa mstari wa mbele, waliendeleza sanaa za maonyesho kwa maendeleo, yaani utaratibu ambao wanakijiji wenyewe huchunguza tatizo linalowasumbua, wakalitungia mchezo kwa ngoma na nyimbo zao, kisha wakalijadili hadharani mchezo unapokwisha. Kazi hiyo ilifika Malya, ikafika Bagamoyo, ikafika na Msoga, kijiji kisicho mbali na Vigwaza. Na msanii wa chuoni hakwenda na mchezo uliokwisha kuandikwa, bali alitakiwa kwanza kukaa na kusikiliza.

Usikivu huo unaonekana wazi katika filamu ya Maangamizi ya mwaka 2001, ambamo Lihamba ni Samehe, mgonjwa wa hospitali ya akili aliyenyamaza kwa miaka mingi, anayehudumiwa na Asira, daktari Mmarekani mwenye asili ya Afrika. Uhusika wa namna hii humnyima mwigizaji nyenzo yake ya kwanza, yaani sauti, ukambakishia macho, mabega na pumzi, na ni mwigizaji aliyezoea kuwatazama watu kwa subira ndiye anayeweza kuubeba.

Filamu hiyo, ambayo Tanzania iliiwasilisha kuwania tuzo ya Oscar, iliongozwa na Mmarekani Ron Mulvihill pamoja na Martin Mhando, Mtanzania aliyefundisha chuo kikuu nchini Australia. Watoto wa jumuiya ya watu wa Vigwaza, Bagamoyo na pwani yote wanaoishi ughaibuni, waliozaliwa mbali na mto Ruvu, wanastahili kuitazama wakiwa na wazazi wao, watakaowaeleza mapema yale kuhusu asili yao ambayo Asira alilazimika kujifunza ukubwani.