Mgongo Si Mkokoteni
(Mazungumzo kwa vikundi vya wapishi wa Likoni, Kisauni na Changamwe)



Leo tuzungumze juu ya kazi yetu ya kupika, iwe ni harusini, matangani au kwenye vibanda vya chakula. Tunauogopa moto na kisu, lakini mgongo tunausahau. Ukiumia mgongo, huchoti maji, humbebi mtoto, na mchango wa kikundi unakushinda.

Tuhesabu kidogo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Sufuria yenye lita 40 za maji inapita kilo 40, na bado hatujatia mchele wala nyama! Tunaiinua kutoka chini tumeinama, mikono imenyooka mbele, kisha tunapinda kiuno kuitua pembeni. Hapo ndipo mgongo unapoumia. Mara nyingine huumia kidogo kidogo, mpaka siku moja unainama kuokota mwiko tu, mgongo unakataa.

Wengine husema, "Tafuteni mwenye nguvu." Sivyo. Dawa ni kupanga kazi kabla ya kuinua:

1. Sufuria iwekwe jikoni ikiwa tupu, maji yatiwe kwa kopo. Haba na haba hujaza kibaba. Chakula kikiiva, pakueni papo hapo.

2. Maji yaletwe kwa mkokoteni. Ukibeba mwenyewe, mitungi miwili ya lita 10, mkono huu na huu, ni afadhali kuliko mmoja wa lita 20.

3. Jiko liinuliwe kwa matofali mpaka magotini, lisitikisike. Meza ya kukatia ifike kiunoni.

4. Mkiinua, muwe wawili. Kunjeni magoti, mzigo uwe karibu na tumbo, mgeuke kwa miguu.

Aliyeumia aache mizigo, lakini asilale kitandani wiki nzima, atembee taratibu. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukimponyoka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mlioajiriwa hotelini, jueni kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kuwabebesha mzigo unaoweza kuwaumiza. Ukiumia kazini, mwambie mwajiri mara moja, mbele ya shahidi. Lakini sisi wa vikundi hatuna mwajiri wa kutulipa fidia. Mwajiri wetu ni sisi wenyewe.

Basi katika mkutano ujao, kabla ya kununua sufuria kubwa zaidi, tununue mkokoteni.