Andika Ulichokiona



Mihadhara ya namna hii imezoea kumbi za Mwanza na Dar es Salaam. Niliomba huu niusomee hapa Ngulyati, kwa sababu jambo ninalotaka kulizungumza huanzia hapa: kwenye benchi la kituo cha afya, saa mbili asubuhi, mama amekaa na mtoto mapajani. Mtoto ana miezi minane. Vidole vya mikono yote miwili vimevimba, analia ukimgusa. Mama anasema hakuanguka. Bibi anasema hakuanguka. Muuguzi anamtazama mama, na hukumu imeshapita.

Muuguzi huyo nilikuwa mimi, miaka mingi iliyopita, katika kituo ambacho sitakitaja. Nilimwuliza mama mbele ya foleni nzima, "Mayu, mtoto umempiga na nini?" Hakunijibu. Alikaza kanga, akambeba mwanawe, akaondoka. Alirudi siku ya nne. Viganja vya mtoto vilikuwa vyeupe, bandama limeshuka hadi karibu na kitovu, anapumua kwa shida. Kipimo kilionyesha sikoseli. Aliongezewa damu, akanusurika safari ile. Zile siku nne alipotezewa na ulimi wangu.

Nawaeleza haya kwa sababu katika ualimu wangu wa uuguzi nimeona kosa hilo likirudiwa, na kinyume chake pia: muuguzi anaona alama za fimbo, anaandika "upungufu wa damu," anafunga daftari. Saratani, magonjwa ya damu na ukatili dhidi ya mtoto vinafundishwa katika vipindi tofauti, lakini mlangoni pa kituo vinaingia vimevaa nguo moja: uvimbe, vilio, alama kwenye ngozi, mtoto aliyenyamaza kuliko umri wake. Hakuna atakayetutenganishia pale mlangoni. Kazi yetu ya kwanza ni kuona vizuri na kuandika tulichokiona.

Nianze na damu, maana ndiyo inayotugusa zaidi sisi wa Kanda ya Ziwa. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na sikoseli, yaani selimundu, Tanzania kila mwaka, na kanda yetu ni miongoni mwa zenye mzigo mkubwa. Si laana ya ukoo wa mtu. Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki na mwaka 1954 akaonyesha kwamba mtu aliyerithi nusu ya tatizo hili, yaani kutoka kwa mzazi mmoja tu, ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana chembe hii ya urithi imebaki kwa wingi penye mbu wengi, kama kandokando ya Ziwa Victoria. Wazazi wawili wenye nusu hiyo, wazima kabisa, wanaweza kumzaa mtoto mwenye ugonjwa. Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Baba anayemfukuza mke kwa sababu "amemletea damu mbaya" ajue kwamba na yeye ameileta.

Mtoto huzaliwa na damu ya kichanga inayomlinda. Damu hiyo inapopungua, kuanzia miezi sita hivi, chembe nyekundu huanza kujikunja kama mundu wa kuvunia mpunga na kuziba mishipa midogo. Kwa watoto wengi dalili ya kwanza ni kuvimba viganja na nyayo. Hapo ndipo mama yule alipofika kwangu. Uuguzi wake si mgumu: maji ya kunywa kwa wingi, dawa ya maumivu kwa saa zake, mwili uwe na joto. Usimwekee barafu, baridi huongeza kujikunja kwa chembe. Homa kwa mtoto huyu ni dharura ya saa ileile, kwa kuwa bandama lake halimlindi tena dhidi ya vijidudu. Apewe penisilini ya kumeza asubuhi na jioni hadi afikishe miaka mitano, chanjo zake zikamilike, alale ndani ya chandarua. Tena mama afundishwe kupapasa bandama kila anapomwogesha, vidole vikiwa chini ya mbavu za kushoto. Mama wa Ngulyati anayejua bandama la mwanawe jana lilikuwa wapi atawahi kufika kuliko daktari yeyote atakayemwona mwezi ujao.

Kuna jambo la sikoseli ambalo halizungumzwi, nami nataka lisikike hapa. Figo za watoto hawa haziwezi kuukoleza mkojo. Wanakojoa sana, na wengi wanaendelea kukojoa kitandani hata wakiwa na miaka minane au kumi. Ni mtoto yupi anayechapwa asubuhi kijijini, anayeanikwa na godoro lake juani ili wenzake wamcheke? Hapo ugonjwa na ukatili havikufanana tu; kimoja kimekizaa kingine. Ukimkuta mtoto mwenye macho ya njano na mistari ya fimbo kwenye mapaja, usichague ugonjwa ukaacha kipigo, wala usichague kipigo ukaacha ugonjwa. Viandike vyote viwili.

Sasa saratani. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote. Hakuuelewa uvimbe huo. Baadaye alikuta uvimbe wa aina hiyo kwa mtoto mwingine, akaanza kupekua kumbukumbu za hospitali. Alipeleka vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni barani, akiuliza jambo moja: mmewahi kuona hiki? Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakazunguka mashariki na kusini mwa Afrika, Tanganyika ikiwemo, kilomita zipatazo 16,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani ya ugonjwa ikafuata joto, mvua na malaria. Mwaka 1964 wanasayansi wa London, Epstein, Achong na Barr, walikuta kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Ugonjwa ukabaki na jina la Burkitt. Mimi hukumbuka zaidi wale wa hospitali za mbali waliojibu, "Ndiyo, tumeona." Wasingekuwa na kumbukumbu, asingekuwa na ramani.

Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Meno yanalegea, taya linatokeza, mwingine anavimba tumbo. Familia inadhani ni jino, linang'olewa, uvimbe unaendelea. Hapa wiki moja ni ndefu mno. Na bado ni miongoni mwa saratani za watoto zinazosikia dawa vizuri sana zikianzwa mapema. Vivyo hivyo saratani ya jicho: mama anaona mboni inang'aa nyeupe usiku kama jicho la paka. Mama akikuambia hivyo, mwamini, hata kama mchana wewe huoni kitu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilijiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 angalau watoto 60 kati ya 100 wenye saratani wapone. Katika nchi tajiri wanapona zaidi ya 80. Katika nchi maskini hawafiki 30. Dawa ni sehemu ya tofauti hiyo, na sehemu nyingine ni siku zilizopotea kabla mtoto hajafika hospitali ya Bugando au Muhimbili.

Ngoja niseme kuhusu chale. Nimepokea watoto wengi wenye chale juu ya bandama. Zamani nilikasirika. Sasa nazisoma. Chale kuukuu na mpya zikiwa mahali pamoja zinaniambia kwamba uvimbe una miezi, na kwamba familia hii haikukaa kimya. Nitamweleza bibi, kwa heshima, kwamba kumchanja mtoto asiye na damu ya kutosha kunamwongezea hatari ya kutokwa damu na kuingiwa na vijidudu. Lakini sitamtukana, maana ndiye atakayeamua kama mtoto atakunywa dawa.

Michubuko ni ngumu zaidi. Kwenye ngozi yetu nyeusi haionekani kirahisi. Fungua dirisha, mpeleke mtoto penye mwanga, papasa kama kuna joto au uvimbe. Magoti, miundi na paji la uso huumia kwa michezo. Masikio, shingo, mgongo na tumbo haviumii kirahisi hivyo, na mtoto ambaye hajaanza hata kutambaa hapati michubuko kwa kucheza. Madoa ya bluu kiunoni ambayo mtoto alizaliwa nayo si kipigo. Vidoa vidogo vyekundu visivyofifia ukivibonyeza, damu kwenye fizi, tezi, homa isiyokwisha, mtoto mkubwa anayekataa kutembea kwa sababu ya mifupa, hivyo vinataka kipimo cha picha kamili ya damu haraka: huenda ni saratani ya damu. Na yeyote asikudanganye kwamba rangi ya mchubuko inatosha kujua una siku ngapi.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7 hivi, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa hiyo muuguzi anayesema hajawahi kumpokea mtoto wa namna hiyo, amempokea, hakumwona. Mtoto aliyefanyiwa hivyo atibiwe kwanza; tiba haisubiri fomu ya polisi, PF3. Dawa kinga ya VVU ianze ndani ya saa 72. Mwite afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116 bila malipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa. Usimwahidi mtoto kwamba utatunza siri. Mwambie utamsaidia na ni nani utakayemwambia.

Sasa kalamu. "Michubuko, anashukiwa kupigwa" ni hukumu iliyoandikwa na mtu asiye hakimu. Andika hivi: "Mgongoni, chini ya bega la kulia, mistari mitatu sambamba, kila mmoja sm 6. Fizi hazitoki damu. Kaakaa halina vidoa. Bandama halipapasiki." Chora umbo la mtoto, weka alama. Uliza mara moja, kwa upole: "Niambie ilikuwaje." Akijibu kwa Kisukuma, andika Kisukuma chake kama kilivyotoka, kisha tafsiri. Andika nani alikuwepo, na saa. Maneno hayo yatamfaa daktari wa Bugando, na yatamfaa hakimu. Yatamlinda pia mama asiye na hatia. Yule wangu yangemlinda.

Rufaa nayo iandikwe hadi mwisho. Familia nyingi za hapa Bariadi hupata fedha pamba ikiuzwa. Mtoto akipewa rufaa ya Mwanza mwezi wa Januari, nauli haipo, na barua inakaa ndani ya sanduku la nguo. Weka daftari la watoto waliopewa rufaa, lenye namba ya simu na jina la balozi au mwenyekiti wa kitongoji. Siku ya tatu piga simu. Asipokuwa amefika, mhudumu wa afya wa jamii aende nyumbani.

Nawaomba wauguzi wenzangu: kesho asubuhi, kwa mtoto wa kwanza atakayefika, mwombeni mama ruhusa, mvueni mtoto shati penye mwanga, mtazameni mbele na nyuma, muandike mlichokiona, na mtie sahihi.