Rangi na Ua kwa Nyumba za Zamani
(Maelezo mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Nimepewa nafasi niseme machache juu ya kuzitia rangi nyumba zetu za zamani na kuzijengea ua mpya. Huenda jambo hili likaonekana dogo mbele ya bei ya kahawa na pembejeo. Lakini fedha zitumikazo ni zile zile za kahawa, na azitumiaye pasipo mpango huzipoteza mara mbili: kwanza kwa kununua, kisha kwa kurudia kazi.

Katika miteremko hii ya Kilimanjaro zimesalia nyumba nyingi ambazo wazee wetu walizijenga kwa mawe na kwa matofali ya udongo. Kila mwaka, Krismasi inapokaribia na watoto wetu walioko mijini wakijiandaa kurudi, sisi huharakisha kupaka rangi. Wakati huo mvua za vuli aghalabu hazijakoma, na ukuta bado una unyevu. Rangi hupendeza mbele ya wageni, kisha masika yaingiapo huanza kubambuka.

Neno langu kuu ni hili: adui wa nyumba ya zamani ni maji, wala si kuchujuka kwa rangi. Rangi haiponyi ukuta, huufunika tu. Basi kabla ya kununua kopo moja, mwanachama aizunguke nyumba yake. Atazame mabati yaliyotoboka kwa kutu, mifereji ya paa iliyoziba, udongo uliorundikana kwenye msingi, na migomba iliyosogea mno ukutani. Hayo yatengenezwe kwanza, na maji ya mvua yachimbiwe mtaro wa kuyapeleka mbali. Baada ya hapo ukuta uachwe ukauke. Miezi ya Januari na Februari, kabla ya masika ya Machi hadi Mei, inafaa zaidi.

Pili, tuchague rangi kwa kufuata ukuta. Ukuta wa udongo au wenye plasta ya chokaa hutoa unyevu wake kidogo kidogo. Ukifunikwa kwa rangi ya mafuta au kwa plasta ngumu ya saruji, unyevu hukosa njia, na plasta hupasuka na kuanguka vipande vipande. Ukuta wa namna hiyo wataka chokaa. Chokaa iliyokwisha kuzimwa ilowekwe usiku kucha, ichujwe kwa kitambaa, iwe nyepesi kama maziwa. Ukuta unyunyiziwe maji, kisha upakwe mara 3 kwa tabaka nyembamba, kila moja ikisubiri iliyotangulia ikauke. Kazi hii isifanywe katika jua kali. Na mpakaji ayakinge macho na mikono yake, kwa maana chokaa huchoma.

Tatu, tuwe na hadhari na rangi kuukuu ya mafuta iliyo milangoni na madirishani. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo hudhuru akili na makuzi ya watoto. Isipigwe msasa ikiwa kavu, wala isichomwe moto. Iloweshwe kwanza, ikwanguliwe watoto wakiwa mbali, na mabaki yakusanywe yote, yasitupwe shambani.

Sasa nije kwenye ua. Nguzo ya mti iondolewe magome, ikaushwe vema, na ifukiwe si chini ya futi 2. Nguzo za pembeni ziegemezwe kwa mihimili, la sivyo seng'enge itazivuta. Mchwa wakiwa wengi, ua wa miti hai una nafuu kubwa zaidi. Mnyaa huota upesi, ila utomvu wake ni hatari kwa macho. Masale tunayafahamu sote: kwa desturi yetu ni alama ya mpaka, na pia ni alama ya kuombana msamaha. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kuyang'oa masale ya zamani apate kusogeza ua hatua moja. Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, jirani aitwe, na mwenyekiti wa kitongoji awepo. Ua uliojengwa kwa siri huleta kesi, na kesi hula fedha kuliko seng'enge.

Mwisho, Ndugu Makatibu, hapa ndipo ushirika unapoweza kusaidia. Kila katibu aandikishe mahitaji ya wanachama wake ya chokaa, mabati na seng'enge kabla ya mwisho wa mwaka, ili vinunuliwe kwa pamoja na kusafirishwa kwa gari moja. Bei ya jumla humfikia mwenye kahawa nyingi na mwenye kahawa kidogo kwa usawa. Na wazee na wajane wasio na nguvu za kupanda ngazi wakumbukwe kwa kazi ya msaragambo.

Nyumba hizi wazee walizijenga kwa jasho. Tuzitunze kwa mpango.