Kumwogesha Mzee Bila Kumvunjia Heshima

Karungu, ukingoni mwa Ziwa Victoria, swali gumu huwa si maji wala sabuni, bali ni nani atakayemwogesha mzee. Kwa desturi ya Wajaluo, mkaza mwana hamwogeshi baba mkwe. Basi mzee mwenye dimenshia, yaani aliyepungukiwa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, humngoja mwanawe wa kiume arudi kutoka kuvua, na pengine hushinda amelowa mkojo.

Dimenshia si uchawi wala ukaidi. Hutokana na maradhi ya ubongo. Anayekataa kuoga huenda anahisi baridi, au anaogopa kumwagiwa maji kichwani. Kubishana naye ni kazi bure. Maji yawe ya uvuguvugu, mlango ufungwe, na mwogeshaji awe yule aliyemzoea. Mzee afunikwe leso, aoshwe sehemu moja baada ya nyingine huku akielezwa kila hatua. Uso ajifute mwenyewe, hata akichelewa. Mwanamke husafishwa kutoka mbele kwenda nyuma. Mikunjo ya ngozi ikaushwe vizuri.

Akichanganyikiwa ghafla kuliko kawaida, apelekwe hospitali: huenda ni malaria au maambukizi ya njia ya mkojo.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima. Msikilizaji, familia yako iketi ipange zamu.