MAZUNGUMZO KUHUSU KULILINDA INI DHIDI YA SUMU YA UKUNGU KATIKA NAFAKA NA KARANGA



Ini ndilo mlinzi wa mwili. Hupokea damu itokayo kwenye matumbo na kuichuja kabla haijaenea kwingineko. Kwa sababu hiyo, sumu iliyomo katika chakula huanza kulidhuru ini lenyewe, na mara nyingi dalili huonekana baada ya madhara kuwa makubwa.

Mahindi na karanga ni vyakula vyenye manufaa makubwa. Hata hivyo, vikihifadhiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo ilitambuliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960, kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyoharibika. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao walifariki kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, sumu hii huleta saratani ya ini, na hatari huzidi mara nyingi kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Chanjo ya watoto dhidi ya virusi hivyo, kwa hiyo, isipuuzwe.

Yafaa ifahamike kwamba kupika, kukaanga au kusaga hakuiondoi sumu hiyo. Aidha, mboga za majani na matunda huujenga mwili, lakini si dawa ya kusafisha sumu iliyokwisha kuliwa. Baadhi ya miti shamba inayosifiwa kuwa tiba ya ini hulidhuru ini hilo hilo. Kinga ya kweli huanzia kwenye uanikaji, ghala na ungo.

Unguja na Pemba zina hewa yenye unyevu mwingi, na sehemu kubwa ya mahindi yaliwayo huko huvuka bahari. Hivyo basi, kila nyumba, pamoja na wasimamizi wa maghala, dakhalia na jikoni za hospitali, inapasa kuzingatia yafuatayo:

(a) Nafaka ianikwe juu ya jamvi au turubali, si juu ya udongo. Ili kuipima, punje na chumvi kavu kidogo zitiwe katika chupa kavu ya kioo na kutikiswa. Chumvi ikinata kwenye kioo, nafaka haijakauka.

(b) Magunia yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta na paa linalovuja. Gunia lililolowa chomboni lisichanganywe na mengine.

(c) Punje zilizooza, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au kutobolewa na wadudu zichambuliwe na kutupwa. Zisisagwe kuwa unga wa uji wa watoto, wala wasipewe kuku au ng'ombe, kwani sumu hupita hadi kwenye maziwa.

(d) Chakula kibadilishwe. Muhogo mbichi, ndizi, viazi na mchele vipishane na mahindi. Huko Qidong, nchini China, vifo vya saratani ya ini vilipungua baada ya wakazi kuacha mahindi na kula mchele, hata miongoni mwa watu wazima wasiochanjwa.

Mtu atakayeona macho yake yamegeuka manjano, tumbo limejaa au miguu imevimba, afike hospitali bila kukawia. Iwapo watu kadhaa wa nyumba moja wataugua pamoja, chakula kilichosalia kisiliwe wala kutupwa, bali kihifadhiwe na sheha na Afisa Afya waarifiwe mara moja ili kichunguzwe.

Hasara ya kutupa pishi moja la mahindi mabovu ni ndogo. Ini likishaharibika, halina duka linakouzwa.